KUSHIKA BUNDUKI KWA USALAMA
Mambo ya kujua kabla ya kupimwa kwa ajili ya cheti cha silaha

Katika nchi ya Tetu, chini ya milima ya Nyandarua, bunduki si kitu cha kuchezewa hata kwa maneno. Wako wazee wanaokumbuka siku ambazo kuonekana na silaha bila ruhusa kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, na kwa amri zilizofuata kosa hilo likawa la kuhukumiwa kifo. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba, 1956. Aliposimamishwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu, Kenneth O'Connor, mashtaka aliyosomewa hayakuwa ya vita alivyoviongoza msituni, bali ya kupatikana na bastola moja na risasi zake. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari, 1957.

Amri hizo zimekwisha zamani. Lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo ilianza kutumika mwaka 1954 katika siku hizo hizo za taabu, ingali ni sheria ya Kenya hata leo, ingawa imebadilishwa mara kadhaa. Kwa sheria hiyo raia aweza kuruhusiwa kuwa na silaha, akiwa na cheti. Yafaa basi kila mtu anayekusudia kuomba cheti hicho aelewe anatakiwa kuwa mtu wa namna gani, na ni mambo gani atakayotazamwa siku ya kupimwa.

SHERIA YATAKA NINI

Jambo la kwanza ni sababu. Haitoshi kusema, "Nataka bunduki kwa kuwa jirani yangu anayo." Mwombaji hana budi kuonyesha sababu njema ya kuhitaji silaha, na wenye kutoa cheti ni lazima waridhike kwamba kuwa nayo kwake hakutahatarisha watu wala amani. Sheria yenyewe yawataja watu wasiofaa kupewa: mlevi, mtu asiye na akili timamu, na mtu ye yote ambaye kwa sababu nyingine hastahili kuaminiwa na silaha. Ndiyo maana mwombaji huchunguzwa mwenendo wake, na watu wanaomjua huulizwa habari zake.

Zamani kazi ya kutoa vyeti ilikuwa mikononi mwa ofisa mmoja mkuu. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2014 iliundwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, nayo ikapewa kazi ya kuthibitisha kufaa kwa waombaji, kupima ustadi wa wenye silaha mara kwa mara, na kusimamia viwanja vya shabaha. Zamani usemi wa "nikishapata cheti nimemaliza" ungaliweza kupita. Lakini mwezi wa Desemba, 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wachunguzwe upya, hata wale waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi. Basi mtu asidhani kwamba kupimwa ni jambo la siku moja tu.

Hapa yafaa kusema neno juu ya wanyama wa mwitu, maana wakulima walio kando ya msitu huenda wakafikiri kwamba ndovu au nyati ni sababu ya kuomba bunduki. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Ua wa umeme unaozunguka msitu wa Nyandarua, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulimalizika mwaka 2009 kwa ajili ya kuwatenga wanyama na mashamba. Mnyama akipita, wa kuitwa ni askari wa Shirika la Wanyamapori. Bastola haimwangushi ndovu. Humkasirisha tu, na mwenye kulipa gharama ya hasira hiyo huenda akawa jirani.

KANUNI NNE

Watu wengi, mtu akiuawa na bunduki kwa bahati mbaya, husema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kweli katika mambo mengi, lakini katika mambo ya bunduki si kweli hata kidogo. Ziko kanuni nne zinazofundishwa karibu kila nchi, nazo zimepangwa kwa namna ambayo mtu akivunja moja, nyingine bado hulinda uhai. Ili mtu asiye na hatia apigwe risasi, karibu siku zote ni lazima kanuni mbili au zaidi zivunjwe kwa wakati mmoja.

Ya kwanza: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mpaka wewe mwenyewe uione kuwa haina. Neno la mwingine halitoshi, hata awe mwalimu wako.

Ya pili: mdomo wa bunduki usielekezwe kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kumbuka kwamba mguu wako mwenyewe ni mmoja wa vitu hivyo.

Ya tatu: kidole kikae nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka shabaha iwe mbele yako na umekwisha kata shauri kupiga. Mtu akishtuka au akijikwaa, vidole vyake hujikunja bila yeye kutaka. Kidole kilicho nje kikijikunja hakidhuru; kilicho ndani huua.

Ya nne: ijue shabaha yako, na kilicho nyuma yake. Hata risasi ndogo ya bunduki ya .22 yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au maji yaweza kuruka upande usiotazamiwa. Katika Tetu nyumba zimejengwa juu ya migongo ya vilima, moja karibu na nyingine, na ng'ambo ya kila bonde kuna mashamba ya chai au ya kahawa yenye watu. Tena nyumba nyingi ni za mbao na mabati, na risasi hupenya vitu hivyo kama sindano ipenyavyo nguo. Mwizi aliye mlangoni na mtoto aliyelala chumba cha pili waweza kuwa katika mstari mmoja.

KUHAKIKISHA KWAMBA BUNDUKI HAINA RISASI

Hili ndilo jambo ambalo mtahini hulitazama kwa makini kuliko yote, na ndilo linalowaangusha wengi. Mara nyingi mtahini ataiweka silaha mezani na kusema, "Ishike." Mtu asiyefundishwa huinyanyua, huisifu, na kuigeuza-geuza. Huyo amekwisha shindwa. Aliyefundishwa huelekeza mdomo mahali pa salama, kidole kikiwa nje, kisha huhakikisha kwamba haina risasi kabla ya kufanya jambo jingine lo lote.

Katika bastola ya magazini, mpango wa kazi ni huu. Kwanza ondoa magazini. Pili vuta kifuniko cha juu nyuma, ili risasi iliyomo katika chemba itoke. Tatu kifunge kifuniko kibaki nyuma, utazame ndani ya chemba kwa macho, kisha uguse kwa ncha ya kidole kidogo, maana macho hudanganyika gizani. Nne tazama tena.

Mpango huu usigeuzwe. Ukivuta kifuniko kabla ya kuondoa magazini, risasi ya kwanza itatoka kweli, nawe utaiona ikianguka chini na moyo wako utatulia. Lakini kifuniko kinaporudi kitachukua risasi nyingine kutoka katika magazini na kuiingiza katika chemba. Ukiondoa magazini baada ya hapo, utakuwa umeshika bastola inayoonekana tupu, nayo imejaa. Watu wengi wameuawa na "bastola tupu" ya namna hii, na mara nyingi aliyeuawa ni ndugu au rafiki wa aliyeishika.

Bastola ya mzinga, yaani ile yenye gurudumu la matundu, yafunguliwa ubavuni na matundu yote huhesabiwa moja moja. Bunduki ya marisau yenye kuvunjika katikati hufunguliwa, na mitutu hutazamwa mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Ukimpa mtu silaha, mpe ikiwa wazi, naye aitazame mwenyewe ijapokuwa amekuona ukiitazama. Asione haya kufanya hivyo, wala wewe usione kwamba amekudharau. Baina ya watu wenye kujua silaha, huo ndio uungwana.

KATIKA UWANJA WA SHABAHA

Uwanjani yuko mtu mmoja mwenye kutoa amri, na amri yake haijadiliwi. Akisema "Simama!" kila mtu husimama papo hapo, kidole nje, mdomo wa bunduki ukielekea shabaha. Mtu ye yote akiona hatari, hata akiwa mgeni, aweza kupaza sauti hiyo. Usigeuke nyuma kumwuliza mwalimu neno huku silaha ikiwa mkononi, kwa maana mdomo wa bunduki utageuka pamoja nawe. Baki ulivyo, useme tu, naye atakuja. Vaa kinga ya masikio na miwani. Mlio wa bunduki huharibu masikio pole pole, na aliyeharibikiwa hapati dawa ya kuyarudisha.

Mtahini atapenda kujua utafanya nini bunduki ikikataa. Ukivuta kifyatulio na mlio usitoke, usiigeuze bunduki uitazame mdomo. Fataki yaweza kuchelewa kuwasha baruti. Shika vivyo hivyo, mdomo ukielekea shabaha, ungoje muda usiopungua nusu dakika, kisha uondoe risasi hiyo kwa uangalifu. Na mlio ukitoka hafifu kuliko kawaida, acha kupiga kabisa. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga ya pili juu yake mtutu utapasuka mbele ya uso wako.

Wengi huuliza watajizoezaje, na hali hawana silaha. Jibu ni kwamba bunduki ya kweli hushikwa mbele ya mwalimu katika uwanja ulioandikishwa, wala si mahali pengine. Lakini nyumbani mtu aweza kuzirudia kanuni kwa sauti, na kuzoeza mkono kwa kipande cha mti: kidole kimenyooka, mdomo chini, geuka, simama. Afanye hivyo ndani ya nyumba yake, wala asitembee barabarani na mfano wa bunduki. Polisi na wananchi hawawezi kujua kwa mbali kama ni mti au chuma. Siku ya kupimwa mikono ikitetemeka, si aibu. Fanya pole pole, utaje kwa sauti kila unalolifanya. Ukikosea, simama na uanze upya. Mtahini humwogopa zaidi mwenye haraka kuliko mwenye woga.

BUNDUKI IKIFIKA NYUMBANI

Sheria humtaka mwenye silaha achukue tahadhari zote zinazofaa ili isipotee wala kuibiwa, na isiwe mahali ambapo mtu asiye na ruhusa aweza kuifikia. Maana yake ni sanduku la chuma lililokazwa ukutani au sakafuni, na ufunguo unaokaa na mwenyewe. Chini ya godoro si mahali pa kuweka bunduki. Mtoto aliyeachwa nyumbani siku nzima hujua kilicho chini ya kila godoro. Risasi nazo ziwekwe mbali na silaha, chini ya kufuli nyingine. Silaha ikipotea au ikiibiwa, polisi wapashwe habari mara moja, kwani kila saa inayopita ni faida ya mwizi.

Usiishike silaha ukiwa umekunywa pombe, hata kidogo. Na kukiwa na ugomvi nyumbani, au mtu wa nyumba hiyo ameingiwa na huzuni kubwa kiasi cha kuchoka na maisha yake, ni busara silaha iondolewe humo kwa njia ya halali kupitia kituo cha polisi mpaka mambo yatulie. Hasira huisha kwa siku moja, na huzuni hupata mfariji. Lakini risasi ikishatoka hairudi.

Mwisho, mwombaji ajiulize swali ambalo mtahini hawezi kumjibia: je, nyumba yangu itakuwa na salama zaidi silaha ikiwamo, au salama kidogo? Wako watu waliosoma kanuni zote, wakazifahamu vema, kisha wakaona kwamba mlango imara, mbwa mkali, taa ya nje na ujirani mwema vyawatosha. Hao hawakushindwa katika mtihani. Lakini ambaye sababu yake ni ya kweli, na ambaye ataendelea na utaratibu huu hata asipokuwapo mtahini wa kumtazama, na aende akapimwe bila hofu. Tahadhari kabla ya hatari.