Majumba ya Mawe na Wenyewe: Sahani za Lubaina na Zidaka Zetu

British Council imemteua Lubaina Himid kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya sanaa ya Venice ya mwaka 2026. Najua wapo watakaouliza: sisi wa Liwatoni, Mombasa, tunaoamkia samaki na kulala na milio ya winchi za Kilindini, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mama huyu alizaliwa Unguja mwaka 1954, baba yake akiwa Mkomoro. Baba alifariki kwa malaria mtoto angali mchanga, na mama, Mwingereza aliyekuwa msanifu wa vitambaa, akarejea naye kwao. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner akiwa na umri wa miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuitwaa. Hata jengo atakalopewa Venice lina kisa chake: lilijengwa mwaka 1887 kuwa mkahawa ndani ya bustani ya umma, kisha likageuzwa mwaka 1909 kuwa ukumbi wa Waingereza.

Venice nitawaachia wenye nauli. Mimi nina kazi yake moja ya mwaka 2007, ambayo tangu nisome habari zake haijanitoka akilini. Mjini Lancaster kuna nyumba kongwe ya karne ya 17 iitwayo Judges' Lodgings, mashuhuri kwa fanicha za mafundi wa Gillow. Fanicha hizo ni za mkangazi uliovushwa bahari kutoka visiwa vya Karibi, na Lancaster yenyewe ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za biashara ya watumwa Uingereza. Waingereza walipokuwa wakiadhimisha miaka 200 tangu bunge lao lipige marufuku biashara hiyo, Lubaina aliingia madukani na masokoni akanunua vyombo vikuukuu: sahani, majagi, mabakuli ya supu yenye vifuniko. Akavipaka rangi juu ya maua yake ya zamani, vipande 100 kwa jumla, akavipanga ndani ya nyumba ile. Sahani moja ina uso wa mtumishi mweusi, mtulivu, anakutazama. Ya pili ina bwana aliyevaa nywele za bandia, anatapika. Mgeni aliyekuja kutazama meza za mkangazi akajikuta anatazamwa na waliozifuta vumbi.

Ndipo nikafikiria zidaka, yaani vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo katika kuta za nyumba zetu za mawe.

Tulipozungumzia daka, msana na ndani, sehemu za nyumba ya mawe ya Kiswahili, katika makala zilizotangulia, nilivipita vidaka kwa haraka, na baadhi ya wasomaji walinilaumu kwa haki. Ukuta wa ndani, ule wa chokaa iliyochongwa, ulipambwa kwa safu za vidaka, na kila kidaka kikawekwa sahani au bakuli la kaure ambalo huenda halikuliwa chakula hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Hata wafu hawakunyimwa: pale Mambrui, kaskazini ya Malindi, nguzo ya kaburi ilipachikwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming. Ukienda Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, utaona kwenye makaburi mashimo ya mviringo, laini, yenye ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Hapo palikuwa na sahani, na mtu alikuja na patasi akaing'oa.

Karne ya 19 Uchina ikapata mshindani. Chukua bakuli la bibi yako, lile lenye maua mekundu na kijani yaliyogongwa kwa sponji, uligeuze. Huenda ukakuta muhuri wa sphinx, yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu, na jina la Petrus Regout wa Maastricht. Kiwanda hicho cha Uholanzi kilifinyanga vyombo kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, na pwani yetu ilikuwa mnunuzi mzuri. Fedha ya kuvinunulia ilitoka kwenye pembe, karafuu, mtama na ufuta, na katika mashamba ya Malindi, Mombasa na Unguja waliolima na kuvuna kwa wingi walikuwa watumwa. Sahani ya Lancaster na bakuli la Kibokoni, hapa Mombasa, vimelipiwa na jasho la namna moja. Tofauti ni kuwa ile ya Lancaster imeshaulizwa swali.

Huu ndio ugomvi wangu na wapenzi wa Mji wa Kale, na mimi nikiwa mmoja wao. Tunapenda mlango, hatupendi kumtaja aliyeulinda usiku. Tunasifu bustani ya Mtoni kule Unguja, tausi, paa na mbuni wakitembea uani, kwa sababu Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa hapo mwaka 1844 aliiandika kwa mapenzi katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Nani alichota maji ya kuinyweshea? Asumini na kilua vya vikuba vya mabibi wa Mombasa navyo vilitoka mashambani, vikaja mjini alfajiri vichwani mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ukimya huu tunauita heshima. Mimi nauita uvivu, na zaidi ya uvivu, woga.

Wala hatukosi nyumba ya kuanzia. Leven House, pale juu ya ngazi zinazoteremka hadi majini, ilipata jina la manowari ya Kapteni Owen, aliyetia nanga hapa mwaka 1824 na kuwakubalia Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, himaya ya Uingereza bila idhini ya London. Luteni Reitz aliyeachwa kusimamia alikufa kwa homa mwaka huohuo. Jina lake limebaki Port Reitz. Aliyemrithi, Luteni Emery, alikaa hadi 1826, na watumwa waliokombolewa majahazini wakawekwa ng'ambo ya maji, mahali panapoitwa English Point hadi leo. Nusu karne baadaye, mwaka 1875, wamisionari wa CMS wakaanzisha Frere Town upande huohuo kwa ajili ya waliookolewa baharini baada ya mkataba wa Sayyid Barghash wa 1873. Kengele yao bado inaning'inia Kengeleni, matatu zikipita kando yake. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Na kuchora juu ya nyumba si jambo geni kwetu. Mabaharia wa Kireno walichora kwa makaa na udongo mwekundu kwenye ukuta wa ngome ya Fort Jesus: merikebu, makanisa, watu, mambo ya mtu aliyechoka kungoja kurudi kwao. Michoro hiyo imehifadhiwa humohumo ngomeni, na mimi huwaonea huruma wageni wanaoipita mbio wakikimbilia mizinga.

Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yalifunguliwa Chuo Kikuu cha Illinois, yakahamia Washington na kisha Los Angeles, na vyombo kutoka makumbusho yetu vilisafirishwa kwenda huko. Yaliratibiwa na Prita Meier na Allyson Purpura. Wamarekani wakatazama vitu vya Lamu na Mombasa kwa utulivu mwingi kuliko tunavyovitazama sisi, ambao mlango wa babu ukilegea tunamwita dalali kabla ya seremala.

Basi Mahakama ya Zamani, iliyofunguliwa mwaka 1902 na sasa iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, imesimama hatua chache kutoka ngomeni, na kumbi zake hutumika kwa maonyesho. Wapeni wachoraji vijana wa Mombasa sahani kuukuu za Marikiti, wachore nyuso. Majina yapo tukitaka kuanza: William Jones na Ishmael Semler, waliolelewa Nasik huko India baada ya kukombolewa, wakaja kufanya kazi Rabai na Frere Town, na Matthew Wellington, mmoja wa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, aliyefia Mombasa mwaka 1935. Sahani tatu tayari.

Nafasi imenibana, na Liwatoni yenyewe sijaigusa. Mji wa Kale una ulinzi wa sheria tangu mwaka 1990. Huku kwetu upande wa Kilindini nyumba kongwe zenye baraza pana na bustani za miembe hazina ulinzi kama huo, na wapita njia wa daraja la kuelea lililofunguliwa mwisho wa 2020 waliziona kwa nyuma tu, zile zilizobaki. Mwenye picha za zamani za bustani hizo, hasa zinazoonyesha watunza bustani na si wenye nyumba peke yao, azihifadhi mbali na unyevu na aandike majina nyuma kwa penseli, kwani wino hupenya hadi upande wa pili. Makala ijayo itaanzia Mnara wa Mbaraki.