Uji: Mji wa Chai na Riwaya

Ukisikia Uji, usikimbilie kikombe cha ulezi. Huu ni mji wa Japani, kusini mwa Kyoto, mwendo usiozidi nusu saa kwa treni. Wageni wengi huufuata kwa ajili ya chai tu. Wakishakunywa, wanaondoka. Wanakosa nusu ya safari.

Tuanze na hiyo chai. Inaitwa matcha. Wiki kadhaa kabla ya kuchuma, wakulima huifunika michai ili isipigwe na jua. Jani likikosa jua linapunguza ukali, linabaki na rangi ya kijani iliyokolea na utamu fulani hivi. Kisha linapitishwa kwenye mvuke, linakaushwa na kusagwa kwa jiwe hadi liwe unga laini kabisa. Unakoroga na maji ya moto, unakunywa jani zima, siyo maji yake tu.

Sasa shuka mtoni. Kando ya Daraja la Uji kuna sanamu ya mwanamke, Murasaki Shikibu. Miaka kama 1,000 iliyopita aliandika Hadithi ya Genji, riwaya yenye sura 54. Katika sura 10 za mwisho, mambo mengi yanatokea hapa hapa Uji. Ukitembea kidogo unafika hekalu la Byodo-in. Ukumbi wake wa mwaka 1053 ndio uliomo kwenye sarafu ya yeni 10.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo kilichonigusa zaidi ni namna mama huyu alivyosoma. Katika shajara yake anaeleza kwamba ndugu yake wa kiume alikuwa akifundishwa vitabu vya Kichina, lugha ya wasomi na ya serikali. Yeye alikuwa anasikiliza tu pembeni, na akaelewa haraka kuliko mwenye somo. Baba akabaki kusikitika kwamba hakuzaliwa mvulana. Eti kipaji kimekosea mtu!

Basi alipoandika riwaya, aliiandika kwa Kijapani, kwa herufi za kana, ambazo wakati huo zilihusishwa zaidi na wanawake. Leo kazi hiyo imetafsiriwa na inasomwa duniani kote.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda, anzia darajani, ndipo unywe chai. Nami nikienda mazoezi ya kufundisha, nitaangalia kwanza ni nani anayesikiliza pembeni.