Lugha ya Data na Lugha ya Tasnifu: Kupanga Utafiti wa Sheria ya Ardhi Chanika, Handeni

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria anayekusudia kuandika tasnifu kuhusu migogoro ya ardhi ya Chanika, wilayani Handeni, hukabiliwa na tatizo ambalo aghalabu miongozo ya utafiti hailigusi. Data huikusanya kwa Kiswahili, na pengine kwa Kizigula. Tasnifu huiandika kwa Kiingereza, lugha ambayo sheria ingali ikifundishiwa katika vyuo vikuu vya Tanzania. Makala haya yanadai kwamba tafsiri hiyo ni sehemu ya mbinu za utafiti, na yafaa itengewe muda tangu pendekezo linapoandikwa.

Kwanza ni mipaka ya mada. Chanika ni kata ya Mji wa Handeni, na ardhi ya mjini husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Nje ya mji, kijijini, inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, yenye hati ya hakimiliki ya kimila. Wasailiwa wa pande hizo mbili wasichanganywe.

Ugumu hasa umo katika neno *miliki*. Kisheria, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi ana haki ya kuikalia na kuitumia tu. Hata hivyo, Kiswahili huiita haki hiyo umiliki, neno lilelile linalotumika kwa mwenye baiskeli. Mkulima asemapo "shamba hili ni langu", huenda alifyeka pori mwenyewe, alirithi, alinunua, au aliazimwa na jirani kwa msimu mmoja na kilicho chake ni mahindi tu. Kimilikishi *-angu* hubeba maana zote hizo bila kuzitenga. Mtafiti anayeandika papo hapo kwa Kiingereza kwamba msailiwa ndiye mwenye mali amekwisha kuliamua suala ambalo tasnifu ilipaswa kulichunguza. Hivyo basi, kauli zinukuliwe kwa Kiswahili chake msemaji, ziwekwe katika kiambatisho, na kila mara lifuate swali: ulilipataje?

Hali ni hiyohiyo kwa vitenzi vya mabaraza. Chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi Na. 2 ya 2002, baraza la kata liliweza kuamua mgogoro. Marekebisho ya 2021 yaliliachia usuluhishi tu. Msailiwa anaweza kuendelea kusema "baraza lilinipa shamba" kwa tukio la kabla au la baada ya mwaka huo. Bila tarehe na bila kuiona karatasi ya baraza, kitenzi *kupa* hakithibitishi lolote.

Mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Inashangaza kwamba tasnifu imebaki nyuma ya mahakama. Madhali hali ni hiyo, faharasa ya istilahi za wasailiwa iandaliwe mara tu baada ya kurejea kutoka Chanika, imfikie msimamizi pamoja na rasimu ya sura ya data, na isomwe na mjuzi wa Kizigula pale msailiwa alipochanganya lugha.