Kiingereza cha skuli: Mzazi asiyekijua naye anaweza kumsaidia mwanawe

Katika mashamba ya viungo ya Kidichi, wageni wakifikishwa kwenye mdalasini, mtembezaji hubandua kipande cha gome, akakivunja na kuwapa wanuse. Kisha hutamka neno moja la Kiingereza: "bark". Mtoto anayekulia jirani na mashamba hayo hulisikia mara kwa mara, na bila ya kufungua kitabu anajua kuwa maana yake ni gome.

Siku akilikuta darasani katika sentensi ya mbwa, hushangaa. Mbwa ana gome? Kumbe hapo "bark" ni kubweka. Neno ni lile lile, maana ni nyengine.

Kwa familia za Unguja hilo si jambo la mzaha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo mengi yamo katika lugha hiyo. Mtoto anaweza kujua vizuri kuwa maji yakipata joto hugeuka mvuke, akakosa alama kwa sababu hakulitambua neno "evaporation". Nyumbani akaonekana mzito, kumbe lililomshinda ni neno, si somo.

Wazazi wengi hujitoa hapo hapo: "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidia nini?" Msaada upo, na sehemu kubwa yake ni kwa Kiswahili.

Maana kwanza

Mtoto hulishika neno haraka ikiwa kitu chenyewe anakijua. Karafuu ni "clove", jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya msumari. Anayeitazama karafuu kavu ataona kichwa cha msumari na mwili wake. Kungumanga ni "nutmeg", na ule utando mwekundu unaoizunguka, yaani basibasi, ni "mace".

Mzazi anahitaji maswali mawili tu: "Hiki skuli mnakiitaje?" na "Maana yake nini kwa Kiswahili?" Mtoto akishindwa kujibu la pili, amekariri, hajaelewa.

Neno refu livunjwe

"Photosynthesis" hutisha kwa urefu. Likikatwa, "photo" kwa Kigiriki ni mwanga na "synthesis" ni kuunganisha. Kiswahili nacho kimelijenga vivyo hivyo: usanisinuru, yaani usanisi kwa nuru. "Thermometer" ni joto na kipimo. Akishaijua "thermo", mtoto ataikuta hata katika "thermos", ile chupa ya chai ya nyumbani.

Chuoni nako kuna msaada

Watoto wengi wa Zanzibar hupitia chuoni, na masikio yao yamezoea Kiarabu. Hiyo ni ngazi. "Zero" na sifuri yametoka katika neno moja la Kiarabu. "Syrup" na sharubati yana mzizi mmoja wa kunywa. "Tariff" na taarifa nayo ni ndugu. Lakini ndugu hawafanani kila kitu: "tariff" ni ushuru au orodha ya bei, si habari.

Tahadhari hiyo ihusu pia maneno yaliyokwisha kuingia katika Kiswahili. Anayejua faini anaweza kudhani kila "fine" ni adhabu, kumbe "fine weather" ni hali nzuri ya hewa.

Maneno yanayokata alama

Hatari kubwa imo katika maneno mepesi. "Table" katika Hisabati ni jedwali, si meza. "Volume" ni ujazo, ingawa kwenye redio ni ukubwa wa sauti. "Solution" katika hesabu ni jawabu, na katika Sayansi ni kimiminika kilichoyeyushiwa kitu, kama maji ya chumvi.

Yapo pia maneno ya amri: "state" ni taja, "explain" ni eleza, "compare" ni linganisha, "distinguish" ni tofautisha. Aliyeambiwa atofautishe akataja tu, hupoteza alama za jambo analolijua.

Kidogo kidogo, lakini kila siku

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aligundua kuwa tunachojifunza hutoka haraka sana mwanzoni, na kwamba kukirudia kwa vipindi hukifanya kikae. Kwa hiyo maneno matano yanayoulizwa leo, kesho na tena baada ya wiki yana faida kuliko hamsini ya usiku mmoja kabla ya mtihani.

Daftari dogo linatosha: neno, maana yake, na sentensi aliyoitunga mtoto mwenyewe. Kamusi isaidie, na maana zote zisomwe kabla ya kuchagua inayolingana na sentensi. Programu ya simu ikipewa neno pekee huweza kutoa maana isiyohusika, hivyo ni bora iandikiwe sentensi nzima.

La mwisho ni heshima. Mtoto akitamka vibaya asichekwe, kwani anayechekwa hunyamaza, na neno lisilotamkwa halikai. Mama anayechambua mchele huku akiuliza "Hii maana yake nini, mwanangu?" anasomesha, hata kama neno lenyewe analisikia kwa mara ya kwanza.