Probox ni ofisi yangu, lakini kwanza ilininyima kazi

Saa nne asubuhi, uwanjani mwa shule moja ya bweni upande wa Narok. Milango yote ya Probox iko wazi, buti iko juu, na mimi nimepiga magoti kwenye nyasi nikitafuta vitu vyenye ukubwa wa ukucha: vile vichwa vya plastiki vya kebo ya intaneti. Usiku uliotangulia nilikuwa nimebeba pakiti nzima, vichwa 100. Niliviona kwa macho yangu.

Mkuu wa shule alipita mara ya kwanza akatabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Mara ya tatu akatazama ngazi, ndoo, nyaya na nguo zangu zilivyotapakaa, akaniuliza, "Kijana, umekuja kazi ama umekuja kuhamia hapa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikaendesha hadi mjini Narok, nikazunguka maduka, nikanunua vichwa vichache kwa bei ya kuumiza na kurudi saa nane. Giza likaingia kazi ikiwa nusu. Wiki iliyofuata nikasikia wameita fundi mwingine amalizie, na pesa zilizobaki zikawa zake. Ile pakiti? Niliipata siku tatu baadaye, ndani ya gambuti.

Kwa wasionijua, niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Kuvuta nyaya na kufunga kamera nilijifunza kwa mikono, nikimfuata fundi mmoja mtaani. Gari lenyewe ni la mjomba, na kila Ijumaa lazima nimtumie chake kwa M-Pesa, kazi iwe imeisha ama haijaisha. Kwa hivyo kwenda Narok, karibu kilomita 140, na kurudi bila malipo kamili si kichekesho. Hiyo ni kodi ya nyumba imeenda.

Watu husifu Probox kwa sababu ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ndefu inayomeza kila kitu. Shida ni kwamba inameza kweli. Nafasi bila mpango ni shimo tu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu kwenye ploti, mama anayezunguka Kajiado hadi Loitoktok akiuzia maduka dawa za mifugo. Alichungulia buti yangu, akatikisa kichwa, kisha akafungua yake. Ungedhani ni duka. "Mteja wa mwisho huingia wa kwanza, kijana wangu," akaniambia. Yaani mzigo wa duka atakalofika jioni unakaa ndani kabisa, na wa duka la kwanza uko mlangoni. Hapekui kitu njiani.

Jumapili hiyo nilitandaza turubai nje na kutoa kila kitu garini. Nilipata bisibisi nne zinazofanana, tepu tatu za kupimia, silikoni iliyokauka kama jiwe, na soksi moja. Nilikuwa nikinunua kitu kilekile kila mara kwa sababu sikuwa nakiona.

Sikununua masanduku ya bei. Nilienda ocha nikarudi na sanduku langu la bati la kidato cha kwanza, lile lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Lilibeba vitabu miaka minne. Sasa linabeba drili, nyundo na krimpa, na kufuli bado inafanya kazi. Ndoo za rangi za lita 20, ambazo mafundi wa rangi hukuachia ukiomba vizuri, zinabeba klipu na mabomba ya nyaya. Vitu vidogo viko kwenye mikebe ya siagi ya njugu, kwa sababu unaona ndani bila kufungua.

Kisha nikapanga kulingana na hatua za kazi. Karibu na mlango wa buti kuna tepu, penseli na drili, kwa sababu kila kazi huanza kwa kupima na kutoboa. Katikati ni boksi la kebo, lile la mita 305. Vichwa, krimpa na kifaa cha kupima laini vinasafiri pamoja kwenye mfuko mmoja. Kimoja kikikosa, vingine ni pambo.

Kuna mambo mengine niliyojifunza kwa uchungu. Vitu vizito vikae chini, vikiegemea viti na kufungwa kwa blada, la sivyo ukikanyaga breki za ghafla kwenye mteremko wa Mai Mahiu, nyundo itakufuata kisogoni. Betri ya asidi isimame wima. Ikilala inaweza kuvuja na kula sakafu ya gari. Usiache betri za drili wala laptopu ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Kajiado, joto huziua polepole. Na ukiegesha mjini, funika kila kitu kwa kitambaa cheusi, kisha usiku beba vya bei ghali mpaka ndani ya nyumba. Mwizi huvunja kioo cha gari kwa kile alichokiona.

Lakini siri kubwa ni dakika 10 za mwisho. Kabla sijaondoka kwa mteja, nalinganisha buti na picha niliyopiga kwa simu siku nilipoipanga. Kama kuna pengo, kitu kimebaki juu ya dari ya mtu. Jioni najaza kilichopungua, hata kama mwili unalilia kitanda. Uvivu wa jioni hulipwa kwa mafuta ya gari asubuhi.

Mwezi jana nilimaliza kazi Naivasha kabla ya saa sita, nikapitia Limuru na kufunga kamera kwa mteja wa pili. Siku moja, malipo mawili, tangi moja la mafuta. Mjomba alipata chake Alhamisi.

Ile shule haijawahi kunipigia tena, na siilaumu. Gambuti bado nazibeba, barabara za mashambani unazijua. Ila kabla sijafunga buti, huwa nachungulia ndani. Zote mbili.