Siku 28 Kalinzi: Mkibaki Wawili Tu, Mtaongea Nini?

Hebu jiulize, msomaji. Mara ya mwisho wewe na mwenzako kushinda pamoja mchana kutwa, siku saba mfululizo, bila kazi, bila msiba, bila harusi ya ndugu, ilikuwa lini? Kama jibu lako ni "fungate", usione aibu. Wengi wetu mjini tunaoana, halafu tunaanza kupishana. Mmoja anatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, mwingine anarudi saa tatu usiku akiwa hoi. Tunapeana taarifa: umeme umeisha, ada imelipwa, gari lina mlio. Eti hayo ndiyo mazungumzo.

Kule Marekani na Canada kuna wastaafu ambao kila majira ya baridi yakikaribia wanafunga nyumba zao, wanawasha magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, wanashuka kusini hadi kwenye majangwa ya Arizona na California. Huko wanalipia sehemu ya kuegesha kwa mwezi mzima, wengine kwa miezi kadhaa. Asubuhi gofu, mchana bwawa la kuogelea, jioni stori na majirani. Wanaitwa "ndege wa theluji", maana wanakimbia baridi kama ndege wanaohama. Niliposoma habari zao, si gofu wala jua lililonigusa. Ni ile hesabu: mume, mke, chumba kimoja chenye magurudumu, mwezi mzima. Ukichoka na mwenzako humo ndani, unakimbilia wapi?

Sisi hatuna theluji ya kuikimbia, na kungoja kustaafu ni mbali. Lakini likizo tunayo. Mwezi wa saba mwaka 2024, mimi na mume wangu tuliichukua yote, tukaenda kukaa sehemu moja: Kalinzi, mkoani Kigoma.

Likizo ni haki yako

Wengi tunakata likizo vipande vipande kama mkate. Siku tatu za msiba, mbili za kufuatilia kiwanja, moja ya mafua. Mwaka unaisha hujapumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 za likizo ya mwaka, tena mfululizo, sikukuu zikiwemo humohumo. Mwajiri ana kauli kuhusu lini uende, kwa hiyo omba mapema. Kwetu ilichukua miezi mitano kulinganisha kalenda za ofisi mbili. Mtoto akaenda kwa bibi yake, ambaye alifurahi kuliko sisi.

Kwa nini sehemu moja? Kwa sababu tumeshawahi kufanya zile likizo za mbio. Siku mbili hapa, tatu pale, mabegi, tiketi, picha. Ukirudi unahitaji likizo ya kupumzika likizo. Tukasema safari hii tunakwenda kukaa tu.

Mwisho wa reli

Ndege ya kwenda Kigoma ipo, lakini sisi tulipanda treni. Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na ilifika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Safari yetu ilichukua karibu siku mbili. Dodoma, Tabora, Uvinza penye chumvi, halafu asubuhi moja ziwa likajitokeza, la bluu mpaka unadhani ni bahari. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi.

Kutoka mjini tulichukua barabara ya Mwandiga kuelekea Manyovu, mpakani na Burundi. Hapo unaanza kupanda. Joto la ziwani linabaki nyuma, migomba inasogea barabarani, na katikati ya migomba kuna mibuni. Hiyo ndiyo Kalinzi: kahawa aina ya arabika, ndizi, maharage, na vilima vinavyofuatana. Mwezi wa saba ni kiangazi, mvua hakuna, ila usiku baridi inabana ile mbaya. Gofu hakuna. Kuna drafti chini ya mti, na ukishindwa na mzee wa kijiji anakucheka mpaka kesho.

Tulipanga chumba kimoja na kibaraza kwa mwalimu mstaafu na mkewe. Bei ya mwezi mzima ilikuwa chini ya tunavyolipa wikiendi moja hotelini, na chakula tulichangia jikoni. Ndizi, maharage yaliyoungwa kwa mawese, ugali wa muhogo.

Wiki ya kwanza tamu, ya pili kimya

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tulilala mpaka saa tatu. Tulitembea vilimani tumeshikana mikono, watoto wakitufuata nyuma wakicheka. Nilimpigia dada yangu simu nikamwambia, "Ndoa yangu imezaliwa upya."

Siku ya tisa stori ziliisha.

Tuseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Tulikaa kibarazani, viti viwili, mandhari kama ya kalenda, na hatukuwa na la kusema. Tulishamaliza habari za watu wa ofisini kwake na kwangu. Tulishamzungumzia mtoto. Mume wangu akatoa simu, na mimi nikatoa yangu. Siku ya kumi hivyohivyo, ya kumi na moja pia. Mjini kimya hicho tungekilaumu kwa foleni na kazi. Hapa hapakuwa na foleni. Nilianza kuogopa kwamba labda kazi ndiyo ilikuwa inatusaidia kutoliona tatizo.

Siku ya kumi na mbili mama mwenye nyumba alisimama mbele yetu, mkono kiunoni.

"Wanangu, mmegombana?"

"Hapana, mama," nikajibu.

"Basi njooni mnisaidie kahawa. Kukaa bure kunachosha kuliko jembe."

Kichanja cha kahawa

Kama hujawahi kuona, kahawa ikishachumwa ikiwa nyekundu inamenywa ganda la juu kwa mashine, inalowekwa, inaoshwa, halafu inaanikwa kwenye kichanja cha waya kwa siku kadhaa. Inageuzwa mara kwa mara ikauke sawasawa. Wakati inakauka, mikono inapita juu yake ikiondoa punje mbovu: zilizokatwa na mashine, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Punje chache mbovu zinaweza kuharibu ladha ya kikombe kizima, na bei inashuka.

Wakulima wa milima hii wameijua kazi hiyo kwa miaka mingi. Kahawa yao pia inahusika na jirani yao maarufu, Hifadhi ya Gombe. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vilivyo jirani na hifadhi, kwa hoja rahisi: msitu wa sokwe hautapona kama watu wanaouzunguka hawana njia nzuri ya kuishi. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi ni miongoni mwa waliofikiwa.

Sisi tulikaa pande mbili za kichanja, uso kwa uso, macho kwenye kahawa. Saa nzima hatukusema kitu, na safari hii kimya hakikuniuma kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Halafu mume wangu, bila kuinua macho, akasema:

"Unajua niliwahi kuitwa Mwanza?"

"Mwanza gani?"

"Kuongoza tawi. Mwaka juzi. Nilikataa."

Mwaka juzi ndio niliopewa uhariri wa jarida. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Aligeuza kahawa kidogo, akajibu:

"Ungekubali tuhame, halafu ungenichukia. Nikaona bora nikukasirikie mimi, kimyakimya."

Miaka miwili! Kila nilipochelewa kurudi siku za kufunga toleo, yeye alikuwa anahesabu. Nilidhani ni uchovu tu. Najua nilitakiwa kumshukuru. Nilikasirika. Alijitolea, sawa, lakini aliamua peke yake jambo la watu wawili, kisha akanidai deni ambalo sikujua ninalo.

Mjini ningewasha gari nikaenda kwa rafiki yangu. Yeye angeenda kuangalia mpira na washikaji. Kalinzi hakuna pa kwenda. Tuligombana siku mbili, kwa sauti ya chini maana ukuta wa wenye nyumba ulikuwa karibu. Tena usiku baridi, na blanketi zito lilikuwa moja. Ndugu yangu, ni vigumu sana kumnunia mtu mnayegombania blanketi.

Siku ya tatu tulirudi kwenye kichanja. Mama hakutuuliza kitu. Tulichambua mpaka jioni, na tukaongea mpaka jioni. Hatukumaliza yote. Lakini tulikubaliana mambo mawili. Nafasi ya kazi ikija, kwa yeyote, inafika nyumbani siku hiyohiyo. Na mimi siku mbili kwa wiki natoka ofisini saa kumi na moja jioni, toleo lifungwe au lisifungwe.

Ziwa nalo likizoni

Wiki ya mwisho tulishuka ziwani. Nilikuwa nimemwahidi mume wangu taa za wavuvi. Kigoma, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa zinazowavuta samaki juu. Ukisimama ufukweni unaona kama mji mzima unaelea. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana mwanga wa mbalamwezi unaishinda taa.

Tulikuta giza tupu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Sokoni migebuka mibichi ilikuwa hadithi. Kwa familia zinazoishi kwa nyavu, miezi mitatu si mchezo, na sitaki kuipaka rangi. Lakini usiku ule, tumekaa mchangani hatuoni kitu, mume wangu alisema, "Kumbe hata ziwa linachoka." Tukacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Tulifika Ujiji, penye kumbukumbu ya mwaka 1871 ambapo Stanley alimkuta Livingstone mgonjwa na ameishiwa. Kila mtu anaikumbuka ile salamu yao. Wachache wanakumbuka yaliyofuata: watu wawili wasiojuana walipanda mtumbwi pamoja hadi kaskazini mwa ziwa, wakasafiri pamoja hadi karibu na Tabora, wakaagana Machi 1872. Ni miezi minne hivi. Natamani kujua siku ya tisa waliongea nini.

Gombe tulikwenda kwa boti. Hapo ndipo Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alipofika Julai 1960 akiwa na mama yake, kwa sababu wakubwa wa wakati huo hawakukubali msichana akae msituni peke yake. Ilimchukua miezi mingi sokwe wamzoee. Alikuja kila siku, akakaa, akangoja.

Kama na nyie mnataka kujaribu

Si lazima iwe Kalinzi. Inaweza kuwa Lushoto, Njombe au kijijini kwenu. Ila zingatieni haya:

Kaeni sehemu moja. Mkihamahama mtaongelea mabegi tu.

Tafuteni kazi ya mikono ya kufanya wawili. Kuchambua, kupalilia, kupika. Kuna maneno ambayo hayatoki mkitazamana machoni.

Msiogope siku ya tisa. Kimya kikija, msikimbilie simu. Jipangieni muda wa simu, kwa mfano saa moja jioni.

Bebeni sweta kwa ajili ya milimani na chandarua kwa ajili ya ziwani. Kuogelea, waulizeni kwanza wenyeji ni wapi salama.

Kabla ya kupanga safari ya Kigoma katikati ya mwaka, ulizeni kama uvuvi umefungwa. Na ukiwa na mafua usiende kwa sokwe, wanaambukizwa magonjwa yetu.

Kubalianeni mapema kuhusu fedha na mtoto atakaa kwa nani. Ugomvi wa bajeti unaweza kumaliza wiki nzima.

Tuliondoka Kalinzi na kilo mbili za kahawa ambayo sehemu yake tuliichambua wenyewe. Jumamosi asubuhi tunaichemsha, tunakaa, hatuwashi televisheni. Wakati mwingine hatuna stori, tunakunywa tu.

Mwanza haijapiga simu tena. Ikipiga, nitajua siku hiyohiyo.