Piriton Si Boya

Hapana. Hakuna kipimo cha Piriton cha kumlaza mtoto ndani ya boti. Swali hili hunijia kila mwaka kusi ikianza kuichafua bahari, na muulizaji haulizi kama ampe. Anauliza ampe kiasi gani. Mtoto ana mwaka na nusu, hatulii, safari ni ya Kiwayu kwenda Lamu, na jirani ameshatoa fatwa yake: "Mnyweshe kijiko kimoja kabla hamjapakia, mtafika bado amelala."

Jirani huyo ningependa nikae naye siku moja. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni madhara yake, na madhara hayana kipimo cha kutegemea, kwa watoto wadogo ndiyo kabisa. Mmoja atalegea, mwingine dawa hiyo hiyo itamtia wazimu: atalia, atajipindapinda, atataka kupanda ukingoni mwa chombo. Hapo hutolewa ushauri wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, kwamba aongezwe. Aongezwe kwa kijiko gani? Kile cha dawa huchukua mililita 5, cha mezani 15, kwa hiyo aliyekosea kijiko amempa mara tatu bila kujua. Na kama mtoto tayari anakunywa dawa ya maji ya mafua, soma kibandiko. Nyingi zina dawa ile ile ndani yake.

"Lakini ni dawa ya mafua tu, daktari." Mimi ni mfamasia, na neno hilo "tu" limenichosha. Phenergan ni ya ukoo huo huo, na tangu 2004 Marekani imeipiga marufuku kwa walio chini ya miaka 2, kwa sababu iliwahi kuzima pumzi za watoto. 

Sasa fikirini usingizi wenyewe unamnyang'anya nini. Mtoto mwenye akili zake akitapika hugeuza shingo na kukohoa. Aliyelevywa dawa hutapika amelala chali, matapishi yakaingia mapafuni. Mwenye akili zake akishikwa na kiu au joto chini ya turubai hulia. Aliyelevywa hanyanyui hata mkono, nanyi mnasifu utulivu wake. Mkishaipita Pate na wimbi likapata nafasi ya kuwatosa majini, wenzake watapiga makelele wasikike walipo, yeye kimya. Piriton hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hadi 6, kwa hiyo hata boti ya kasi ikiwahi kufika, mtashuka gatini Lamu mkiwa na mzigo uliolegea, labda mwingie tena boti ya kwenda Mokowe, bara, kupanda basi.

Wengine hujitetea kuwa wanazuia kutapika. Mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra sana kulevywa na bahari. Shida hiyo huanza baadaye. Aliyezidi umri huo na hutapika kila safari aletwe kituo cha afya siku kadhaa kabla, apimwe uzito, aandikiwe dawa inayomfaa. Asiandikiwe na jirani.

Haya, ya kufanya. Ondokeni alfajiri kabla upepo haujaamka, na mtazameni nahodha kabla ya nauli: akijaza kupita kiasi, shukeni. Kaeni nyuma au katikati, omo hupiga sana, lakini msikae palipo na moshi wa mashine. Mtoto avae boya la kipimo chake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Likamate mabegani ulinyanyue; kidevu na masikio yakizama ndani, ni la mtu mzima na majini litamvuka. Usimfunge kwa leso kifuani wala mgongoni, maana chombo kikipinduka mtazama pamoja, na fundo halifunguki likilowa. Mpakate, naye yumo ndani ya boya lake. Kofia, maji kidogo kidogo, ziwa kwa anayenyonya, ndizi au tende badala ya mahamri yenye mafuta. Anyanyuliwe aone mikoko na ndege, aimbiwe, apewe kamba achezee. Akilia, alie, kilio hakijazamisha boti.

Na mkipanda basi Mokowe, msijifunge mkanda mmoja wewe na mtoto uliyempakata: dereva akishika breki, uzito wako wote unamponda yeye. Mwenye kiti maalumu cha mtoto akifunge kwenye kiti cha basi. Asiye nacho na ana nauli amkatie mtoto nafasi yake mwenyewe, mkanda ukae chini nyongani, usipande tumboni. Asiye na nauli hiyo ajifunge mwenyewe kwanza, kisha amkumbatie mtoto nje ya mkanda. Hiyo si salama kamili, ila ni afadhali kuliko mkanda wa watu wawili.